Katharine Hepburn: "Sumu ya sinema" aliyefika Butiaba

Mwaka 1951, Butiaba, ukingoni mwa Ziwa Albert nchini Uganda, palijengwa kanisa la kuchomwa moto. Mbele ya kinanda aliketi mwanamke wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 44, vifungo vya gauni vimemfika kooni, akipiga wimbo wa dini huku uso umempauka. Pembeni, mahali ambapo kamera haikufika, iliwekwa ndoo. Kamera iliposimama aliinama akatapika, akajifuta mdomo, akarudi kwenye kinanda.

Mwanamke huyo ni Katharine Hepburn, na filamu ni The African Queen. Ugonjwa wake una kisa. Muongozaji John Huston na mwigizaji mwenzake, Humphrey Bogart, walikunywa wiski toka walipotua Afrika. Hepburn, binti wa daktari, alichukizwa na ulevi ule akawaonyesha mfano mwema kwa kunywa maji. Maji yakamwangusha kwa kuhara damu; walevi hawakuugua. Hata hivyo hakuomba kurudishwa kwao. Kazi aliyoikubali aliimaliza, na hapo ndipo anapojulikana.

Alizaliwa Hartford, jimbo la Connecticut, tarehe 12 Mei 1907. Baba yake alikuwa daktari wa njia ya mkojo. Mama yake aliongoza chama cha kudai haki ya wanawake kupiga kura katika jimbo lao, na Katharine alikulia kwenye maandamano na mabango. Nyumba hiyo iliwafundisha watoto kusema wanachofikiri. Lakini iliwafundisha pia kunyamaza. Mwaka 1921 Katharine, akiwa na miaka 13, alimkuta kaka yake mpenzi, Tom, amefariki kwa kitanzi. Familia haikulizungumza. Tangu hapo binti aliichukua tarehe ya kuzaliwa ya Tom, 8 Novemba, akaifanya yake kwa miongo mingi. Ya kweli aliitoa mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1991. Wanaomwita mwigizaji baridi, asiye na machozi, waanzie hapo.

Jukwaa halikumpokea vizuri. Mwaka 1928, mara tu baada ya kumaliza Chuo cha Bryn Mawr, alipewa nafasi kuu katika tamthilia The Big Pond. Onyesho la kwanza alisema mbiombio mpaka maneno yakagongana, akafukuzwa. Mwaka 1931 akafukuzwa tena, safari hii kwenye The Animal Kingdom ya mwandishi Philip Barry. Jina la Barry litarudi. Mwaka uliofuata, katika The Warrior's Husband, aliingia Broadway akiruka ngazi, paa begani, miguu wazi, na watu wa sinema wakamwona. Kampuni ya RKO ikamchukua. Filamu yake ya tatu, Morning Glory ya 1933, ikampa Oscar.

Kisha mambo yakaharibika. Alivaa suruali wakati wanawake wa Hollywood hawakutakiwa kuvaa. Wafanyakazi wa studio walipomfichia suruali yake, alitembea na nguo ya ndani mpaka wakairudisha. Hakuwapa waandishi wa habari nafasi ya kumzoea. Akarudi jukwaani na The Lake, ikaanguka vibaya. Filamu zikafuatana bila kuuza. Mei 1938 chama cha wamiliki wa majumba ya sinema kikachapisha tangazo la kuwataja mastaa waliokuwa "sumu" kwenye mauzo ya tiketi. Humo walikuwamo Greta Garbo, Joan Crawford, Marlene Dietrich na Hepburn. RKO ilipompa filamu ya hadhi ya chini, alilipa fedha zake mwenyewe kuvunja mkataba akaenda zake kwao Connecticut. Mwezi Septemba mwaka huohuo kimbunga kikaisomba nyumba ya familia iliyokuwa ufukweni Fenwick. Mtu mwingine angesema imetosha.

Philip Barry alikuwa na tamthilia mpya, The Philadelphia Story, kuhusu binti tajiri mwenye majivuno anayeshushwa mpaka ajijue. Aliiandika akimfikiria Hepburn. Yeye aliona mara moja kilichokuwamo: watazamaji waliochoshwa na kiburi chake wangekiona kikivunjwa mbele yao, kisha wangemsamehe. Akakubali kucheza bila mshahara, kwa sehemu ya mapato tu. Tajiri Howard Hughes akanunua haki za filamu akamkabidhi. Onyesho lilifunguliwa Broadway Machi 1939 na likaendelea mara 417. Hollywood ilipokuja kubisha hodi, ilikuta haki za filamu ziko kwapani mwa mwanamke yuleyule iliyemwita sumu. Aliiuzia MGM kwa masharti: yeye ndiye nyota, muongozaji ni George Cukor, na waigizaji wenzake wawe wakubwa. Akapata Cary Grant na James Stewart. Filamu ya 1940 ilijaza majumba.

Mimi naiweka biashara hiyo juu ya tuzo zake zote. Zama hizo studio ilimmiliki mwigizaji, ikampangia filamu na hata ikamkodisha kwa kampuni nyingine. Hepburn hakulalamika tu. Alitafuta mali ya kuketi nayo mezani. Na aliipata jukwaani, palepale alipofukuzwa. Hata mwaka mmoja kabla ya safari ya Afrika, akiwa nyota wa filamu asiyehitaji kujithibitisha, alikuwa New York akicheza Rosalind katika As You Like It ya Shakespeare.

Turudi Afrika, maana hadithi ya The African Queen inatuhusu. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Askari wa Kijerumani wanachoma kijiji na kuwachukua watu wake. Dada wa mmisionari aliyefariki na fundi mlevi wanashuka mto kwa mashua chakavu ili kuizamisha meli ya kivita ziwani. C. S. Forester, aliyeandika riwaya hiyo mwaka 1935, hakuitoa hewani. Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande ndani ya masanduku 5,000, wakaileta Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Haikuzamishwa na mashua ya mtu yeyote: Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikachukuliwa, wakiwa wamezipaka injini mafuta mazito. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Nina lawama moja kwa filamu hiyo. Wanakijiji wanaonekana mwanzoni, hawana majina, kisha vita inakuwa ya Wazungu wawili. Wapagazi waliokufa katika vita ile walihesabika kwa makumi ya maelfu, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kila tunaposema Kariakoo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Sehemu ya kwanza ilipigwa Kongo ya Wabelgiji, karibu na Biondo, ambako siafu walivamia kambi na mashua ikazama ikabidi iopolewe. Sehemu za kuingia majini zilipigwa kwenye matangi ya studio Uingereza, kwa kuhofia kichocho. Siku za mwanzo Huston aliona Hepburn anacheza kwa ukali mno. Akamshauri atabasamu kama Eleanor Roosevelt alipokuwa akiwatembelea wanajeshi majeruhi. Hepburn aliyaita maelekezo bora kuliko yote aliyowahi kupewa. Tazama filamu ukiwa na neno hilo kichwani: kidevu juu, tabasamu la adabu, hofu nyuma yake. Bogart akapata Oscar yake pekee, Hepburn akateuliwa.

Baadaye alijitenga na kazi kwa takribani miaka mitano kumuuguza Spencer Tracy, mwenzake katika filamu tisa. Ya mwisho, Guess Who's Coming to Dinner, ilimalizika Tracy akiwa amebakiza siku 17 za kuishi. Ilimpa Hepburn Oscar ya pili. Ya tatu ilikuja mwaka uliofuata kwa The Lion in Winter, na ya nne kwa On Golden Pond ya 1981. Hakuna mwigizaji mwingine, mwanamume kwa mwanamke, aliyepata nne za uigizaji. Hakwenda kupokea hata moja.

Ile nyumba ya Fenwick iliyosombwa na kimbunga mwaka wa "sumu" ilijengwa upya mahali palepale. Humo ndimo alimofariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96.