Grande Barrière: mpaka unaopima intaneti



Gisenyi na Goma ni kama mji mmoja kando ya Ziwa Kivu, uliokatwa na kizuizi cha Grande Barrière. Familia nyingi zina ndugu pande zote mbili, lakini bei ya intaneti haijui udugu.

Kabla ya 2009 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na gharama ilikuwa kubwa. Kwenye mikahawa ya intaneti tulilipa kwa dakika. Saa ya ukutani ndiyo iliyokuwa mizani. Julai 2009 waya wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, na Rwanda ikaunganishwa kwa nchi kavu. Simu zilipoenea, mizani ikabadilika: tukauziwa megabaiti kwa vifurushi.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilipunguza gharama za simu kati yao. Kongo haikuwamo, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Basi kwa hesabu ya simu, Nairobi ya mbali ikawa jirani kuliko Goma inayoonekana kwa macho.

Hapo ndipo familia huumia. Simu ikipoteza mtandao wa nyumbani karibu na mpaka, inaweza kushika wa ng'ambo, na megabaiti zikahesabiwa kwa bei ya ugenini. Mtoto anatazama video, salio la wiki linakwisha.

Wazazi wenzangu, zimeni data ya ugenini kabla ya kufika kizuizini. Salio libaki la kumjulia hali bibi aliye ng'ambo.