Simu ya intaneti: ukibonyeza namba, inapita wapi?

Wadau, leo tuongelee kitu ambacho wengi tunakitumia na hakuna anayetueleza. Ukiuliza simu ya intaneti inampataje mtu, unajibiwa "inapita kwenye neti". Sawa, lakini nani anaamua ipite wapi? Kwenye ofisi nyingi ni faili moja tu la maandishi, na yule aliyeliandika.

Nachukua mfano wa Asterisk, programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Unaiweka kwenye kompyuta yenye Linux, na ofisi inapata swichibodi yake. Simu na seva zinaongea kwa lugha inayoitwa SIP.

Simu ya zamani namba yake ilifungwa kwenye waya. Hii haina kwao. Kila baada ya muda inatuma ujumbe kwa seva: mimi ni 201, sasa hivi niko anwani hii. Seva inaandika. Ndiyo maana 201 anaweza kuwa Arusha leo na Muscat kesho, na anayempigia asibadilishe kitu.

Ukibonyeza namba, seva inazisoma tarakimu na kuzilinganisha na kanuni. X ni tarakimu yoyote, Z ni 1 hadi 9, nukta ni "chochote kinachofuata". Ofisi ya Dar inaweza kuandika hivi: 2XX ni watu wa ndani, bure. 0ZXXXXXXXX, yaani tarakimu 10, ipeleke kwa kampuni ya simu ya hapa nchini. 000 na kuendelea ni nje, mpe wakala mwenye bei nafuu. Ile Z si pambo jamani, ndiyo inayotenganisha namba ya Mwanza na ya London.

Wengi hudhani seva inasoma kanuni toka juu kwenda chini. Hapana. Inachagua ile inayolingana kwa karibu zaidi, hata kama imeandikwa mwisho kabisa.

Sasa rudi utazame kanuni zetu tatu. 112 iko wapi? Haianzi na 2, haianzi na 0. Mtu kavamiwa usiku, anapiga polisi, na simu inakufa palepale kwa sababu fundi hakuandika mstari mmoja. Na hata ukiuandika, kumbuka namba haina kwao: polisi hawawezi kujua uko wapi kwa kuitazama tu. Wataje mtaa kwanza, mengine baadaye.

Kosa la pili linakula pesa. Fundi mvivu anaandika X na nukta, yaani "namba yoyote, pitisha", na kuiacha hata kwa wageni wasiojiandikisha. Wezi wana programu zinazozunguka intaneti zikigonga mlango namba 5060, ambao ndio wa SIP. Wakikuta wazi, wanapiga usiku kucha namba za nje zinazowalipa wao kwa kila dakika. Bili inakuja kwako. Dawa: wageni wasipewe njia ya kutoka nje, neno la siri lisiwe 201 kwa simu ya 201, na wakala aweke kikomo cha pesa kwa siku.

Halafu kuna lile la kafe. Simu inaita, mwenzako anapokea, wewe "haloo, haloo" na husikii kitu. Mwaliko wa kuongea na sauti ni safari mbili tofauti. Mwaliko umepita kwa seva salama, ila kompyuta yako imetaja anwani ya ndani ya kafe, mfano 192.168.1.15, na sauti inatumwa huko. Anwani hiyo haifikiki kutoka nje. Kompyuta zote za kafe zinatokea kwa anwani moja ya ruta. Kwa hiyo yeye anakusikia vizuri tu, wewe humsikii. Kabla ya kugombana na mwenye kafe kuhusu hedifoni, mwambie anayeendesha seva aipitishe sauti nayo kwake.