Udugu wa Kalamu: Oxford, Tanga na Nchi za Kubuni

Wasomaji wa hadithi za ajabu huwasifu J.R.R. Tolkien na C.S. Lewis kwa upana wa ubunifu wao, kana kwamba kila mmoja alijifungia ndani akaumba ulimwengu wake peke yake. Makala hii inashikilia kwamba sifa kubwa zaidi inastahili kupewa namna walivyosikilizana. Desturi hiyo ina mizizi mirefu katika fasihi ya Kiswahili pia, na wasomi wa Mulungwishi, Katanga, kati ya Likasi na Fungurume, wanaweza kuishika kama urithi wao.

Tolkien na Lewis walikutana mwaka 1926, wote wakifundisha Oxford. Mwishoni mwa 1929 Tolkien alimpa mwenzake utenzi mrefu, ambao haukuwa umekamilika, juu ya mapenzi ya Beren na Lúthien. Lewis aliusoma kwa furaha, kisha akaandika uhakiki wa kina akijifanya kwamba utenzi ule ni hati ya kale inayobishaniwa na wataalamu aliowabuni mwenyewe. Beti dhaifu alizilaumu kuwa makosa ya wanakili, akapendekeza nyingine, na Tolkien akarekebisha mengi. Baadaye kundi la marafiki lililoitwa Inklings lilikutana Alhamisi usiku chumbani kwa Lewis, mwenye mswada akausoma kwa sauti. The Lord of the Rings, iliyotoka 1954 na 1955, ilisikika humo sura baada ya sura kwa miaka. Tolkien mwenyewe alikiri kwamba pasipo msukumo wa Lewis asingeifikisha mwisho.

Mtu anaweza kupinga kwamba urafiki huzaa kusifiana. Ushahidi unaonyesha vingine. Tolkien hakuzipenda hadithi za Narnia, ambazo Lewis alizitoa kati ya 1950 na 1956, wala hakuficha. Hata hivyo, mwaka 1961 Lewis alimpendekeza Tolkien kwa Tuzo ya Nobel. Kasoro ya kundi lile ilikuwa kwingine: lilikuwa la wanaume pekee, na kwa hiyo lilijinyima nusu ya masikio yaliyokuwapo.

Upande wa Kiswahili, mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha kwanza cha Narnia, mwandishi Shaaban Robert wa Tanga alichapisha Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani. Mwaka uliofuata ikatoka Adili na Nduguze, yenye majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Kufikirika ilichapishwa baada ya kifo chake cha 1962. Mwandishi huyu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, asiye na chumba cha chuo wala kundi la Alhamisi. Alichokuwa nacho ni barua. Tangu 1931 hadi 1958 alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alitunga hadithi. Alikuwa pia na gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa 1923, ambamo watunzi waliotenganishwa na masafa walisomana. Nyuma yao alisimama Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye katika karne ya 19 alikuwa akijibizana kwa mashairi na washairi wenzake. Kujibizana kwetu kulitangulia Inklings kwa zaidi ya miaka mia moja.

Umbo la Kusadikika lenyewe linathibitisha hoja. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Uhai wake unategemea wasikilizaji wake. Shaaban Robert aliweka usikilizaji katikati ya kisa, kwa sababu alijua kwamba nchi ya kubuni huanza kuwapo pale mtu wa pili anapokubali kuiingia.

Katanga haina upungufu wa vipaji. V.Y. Mudimbe, mmoja wa wanafikra wakubwa wa Afrika, alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji huo ulipoitwa Jadotville, kisha akahamia Marekani enzi ya Mobutu. Mtu mmoja akiondoka hivyo, wenzake hupoteza msomaji wa kwanza wa miswada yao, na hasara hiyo haionekani katika orodha yoyote ya vitabu.

Ndiyo maana ninapendekeza Mulungwishi, penye Chuo Kikuu cha Kimetodisti, pawe na baraza la kila wiki. Wanafunzi wetu husoma kwa Kifaransa, huzungumza Kiswahili cha Katanga, na wengi wamelelewa na ngano za Kisanga, Kiluba au Kiruund. Wanawake na wanaume wasome miswada yao kwa sauti, kwa Kiswahili cha hapa, na kila msikilizaji alete jibu la maandishi. Usanifishaji utafuata, sikio liridhike kwanza. Anayewaenzi Tolkien na Lewis kwa dhati awafuate katika kazi hii ngumu: kumsomea mwenzake kwa makini, kumwambia ukweli, na kumdai sura inayofuata.