Mjumbe, Mteule au Mchaguzi?

Tarehe 29 Mei 2024, mpiga kura wa Bertrams, mtaa wa Afrika Kusini unaopakana na uwanja wa Ellis Park, alipewa karatasi tatu. Zilikuwamo nembo za vyama na picha za viongozi wao, lakini hata moja haikuwa kura ya rais. Jirani yake aliyetoka Bukavu, kwao rais hupigiwa kura moja kwa moja, ana haki ya kuuliza: sasa rais anachaguliwa na nani?

Kifungu cha 86 cha Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 kinajibu: Bunge la Taifa, lenye viti 400, humchagua mmoja wa wabunge wake, Jaji Mkuu akisimamia. Hao 400 tuwaiteje?

Wanahabari wetu wakisimulia uchaguzi wa Marekani huwataja wale 538 wanaomchagua rais kuwa "wajumbe". Kule linafaa. Mjumbe hauawi, lakini akibadili ujumbe ni kesi nyingine, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kwamba majimbo yanaweza kumwadhibu.

Cape Town hali ni nyingine. Tarehe 14 Juni 2024 wabunge walikutana kwenye ukumbi wa mikutano wa kukodi, kwa kuwa jengo lao liliungua Januari 2022, wakapiga kura ya siri. Cyril Ramaphosa alipata 283, Julius Malema 44. Chama kinaweza kuagiza kitakavyo. Kisheria hakina ruhusa ya kuchungulia karatasi. Mtu wa namna hiyo simwiti mjumbe. Mteule nalo nalikataa, maana "rais mteule" ameshalikalia. Nabaki na mchaguzi, ingawa linanuka chaki kidogo.

Na nani anafaa kuwa mchaguzi? Marekani humkataza seneta na mbunge wa taifa. Afrika Kusini haimtaki mwingine ila mbunge. Kifungu cha 47 kinamzuia, miongoni mwa wengine, aliyehukumiwa zaidi ya miezi 12 jela bila nafasi ya kulipa faini, hadi ipite miaka mitano baada ya kumaliza adhabu. Ndicho kilichomnasa Jacob Zuma mbele ya Mahakama ya Katiba, siku chache kabla ya kura. Picha yake ilibaki kwenye karatasi, akiwa kiongozi wa chama.

Mshindi naye, kwa kifungu cha 87, huacha ubunge. Wachaguzi hubaki 399, mpaka chama chake kijaze nafasi kutoka kwenye orodha.