Magofu Yana Wenyewe

Anayetaka kuyazuru magofu ya Takwa na Pate kwa siku moja huanza kwa kuuliza habari za maji. Mashua hukodiwa Lamu na bei hupatanwa usiku uliotangulia, lakini saa ya kuondoka hupangwa na bahari. Hori liingialo Takwa, katika kisiwa cha Manda, halipitiki ila maji yakijaa. Mkondo wa Mkanda, uliopo baina ya Manda na bara, huwa na kina kidogo maji yakipwa. Na pwani ya mji wa Pate wenyewe hukauka ikabaki tope, hata abiria akalazimika kushukia Mtangawanda na kwenda kwa miguu mwendo wa kama saa moja. Kwa hivyo nahodha ndiye mwalimu wa kwanza wa historia katika safari hii, kwani hesabu anayoifanya kila alfajiri ndiyo waliyoifanya waliojenga miji hii: maji yaliyomleta mfanyabiashara yaliweza pia kumzuia adui.

Hesabu hiyo iliwahi kuwapotea watu wa Pate wenyewe. Karibu mwaka 1812, wakiwa pamoja na Mazrui wa Mombasa, walishusha jeshi Shela ili waitiishe Lamu. Wakashindwa. Mapokeo yasema kwamba walipokimbilia vyombo vyao waliviona vimekaa mchangani, maji yamekwisha kupwa, na wengi wakauawa papo hapo ufuoni. Miaka mingi baadaye upepo ulikuwa ukifukua mifupa katika machuguu ya mchanga ya Shela. Mashua itokayo Lamu kwenda Takwa huanza safari yake mbele ya pwani hiyo, na ingefaa mgeni aonyeshwe kabla hajaonyeshwa ukuta wowote, maana magofu ya Pate yalianza kuanguka pale.

Takwa ni mji mdogo ulioishi kama karne mbili, tangu 1500 hivi hadi karibu na 1700. Ukuta wake bado unafuatika. Nyumba takriban zote zimeelekea kaskazini, upande wa kibla, na juu ya ukuta wa kibla wa msikiti wa Ijumaa imesimama nguzo nene ambayo hadi leo huwapa watu mjadala. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi la nguzo lenye tarehe ya mwaka 1094 wa Hijra, yaani 1683. James Kirkman alichimba hapa mwaka 1951, na mwaka 1982 mahali pakatangazwa kuwa ukumbusho wa taifa. Mambo haya mwongozaji aweza kuyakariri kwa pumzi moja, na mgeni akayaandika, akapiga picha ya mbuyu, akarudi chomboni akiamini kwamba ameuona mji uliopotea.

Umempotea nani? Yasemwa kuwa watu wa Takwa walivuka wakaenda kukaa Shela, na visima vilivyogeuka chumvi ni moja ya sababu zitajwazo. Watu wa Shela hawakuukata mguu: mara mbili kwa mwaka huja kwenye kaburi lile kuomba mvua. Mahali panapoombewa mvua na wajukuu wa waliozikwa hapo hapawezi kuitwa mahali palipopotea. Neno hilo, ambalo matangazo ya safari hulipenda mno, lina historia yake. Lilianza kwa wageni walioiona miji hii ikiwa imeota miti, wakaitafutia wajenzi kutoka ng'ambo kwa kuwa hawakuona namna ya kuwahusisha na watu waliowaona mbele yao wakitega samaki.

Hoja hiyo ilipata jibu lake kubwa katika kisiwa cha Pate, kwenye magofu ya Shanga. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa wa mji huo, akakuta msikiti chini ya msikiti, tabaka kwa tabaka, mpaka akafika kwenye misikiti ya miti ya karne ya 8. Mji ulianza kwa nyumba za udongo na miti, ukajifunza matumbawe na chokaa polepole, ukaishi hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Haukushushwa jahazini ukiwa umekwisha jengwa. Hata hivyo wanaotaka asili moja tu hawatapata raha Shanga wala kwingineko. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mifupa ya makaburi ya pwani, yakiwamo ya Manda na Faza, ulionyesha kuwa tangu karibu mwaka 1000 damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zilichanganyika, ya Kiafrika ikitoka zaidi kwa akina mama na ya Kiajemi kwa akina baba. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakizua. Waliacha tu kuwataja bibi zao. Ama kisa cha kwamba jina la Shanga limetoka Shanghai, ni kisa kitamu cha kusimulia chomboni, lakini Shanga ilikuwa na umri wa karne kadhaa wakati merikebu za Uchina zilipofika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 15.

Kutoka Shanga hadi Siyu ni mwendo wa miguu, na siku yenyewe ni fupi. Wengi huiona ngome ya Siyu kwa haraka, nao hukosa, kwani Siyu ulikuwa mji wa mikono: wanakili wa misahafu, mafundi wa ngozi, maseremala, wafua dhahabu. Misahafu iliyonakiliwa Siyu katika karne ya 18 na 19, yenye mapambo ya wino mwekundu na mweusi, ni miongoni mwa kazi bora za mkono zilizopata kutoka pwani yote. Mji huohuo ulimtoa Bwana Mataka, aliyeukataa utawala wa Seyyid Said. Januari 1844 jeshi la Seyyid lilishuka Faza likaelekea Siyu, likarudishwa nyuma. Siyu haikutiishwa hadi miaka ya 1860, Bwana Mataka akiwa kaburini na Seyyid Said pia.

Wapenzi wa tungo wanamjua Bwana Mataka kwa njia nyingine, nayo ndiyo yenye umri mrefu zaidi. Mkewe, Mwana Kupona, aliyezaliwa Pate, alimtungia binti yao utendi mwaka 1858, miaka miwili hivi baada ya kufiwa na mumewe, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Utendi huo husomwa kama wasia wa mama juu ya dini, ndoa na adabu, nao ni hivyo. Lakini ukisomwa Siyu, karibu na ngome, husikika jambo jingine ndani yake: mjane wa mtu aliyepigana na dola kubwa anamwandalia bintiye maisha katika ulimwengu ambao baba hayumo tena na mji unaelekea kushindwa. Ngome ni ya wanaume, na imetengenezwa upya. Utendi haukuhitaji fundi.

Pate wenyewe huachwa mwisho, kwa sababu ya maji, na ni vyema uwe mwisho. Mji wa sasa umekaa kando ya mji wa zamani na ndani yake. Vichochoro vyembamba vya nyumba zenye watu hufunguka ghafla kwenye kuta zisizo na dari, na baina ya kuta hizo, pale palipokuwa msana na ndani, hupandwa tumbaku. Kuta ndizo ua wa shamba. Katika baadhi ya kuta hubaki alama za zidaka, safu za vijishubaka vya chokaa ambamo wenye nyumba waliweka vyombo vya kaure kutoka Uchina, na vigae vya kaure hiyo vimo udongoni. Kitabu cha Habari za Pate husimulia ngazi za fedha za kupandia vitandani. Husimulia pia kisa cha Mwana Darini, aliyenyimwa siwa ya ufalme kwa sherehe ya kumtahiri mwanawe, akaagiza fundi amchongee yake. Asiyeamini utajiri wa Pate na aitazame siwa ya pembe ya Pate katika Makumbusho ya Lamu kabla ya kupanda mashua. Pembe ile, yenye urefu wa kumfikia mtu na nakshi isiyochoka, haikutengenezwa na mji wa kubahatisha.

Mji huo ulikuwa na mwongozaji wake kabla ya mwanaakiolojia yeyote. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa ukoo wa masharifu wa Pate, alitunga Al-Inkishafi baina ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, wakati majumba yalikuwa yameanguka karibuni tu na waliokaa humo walikumbukwa kwa majina. Utungo una beti za mishororo minne, mizani kumi, na kituo cha kila ubeti hurejea kwenye kina kimoja, kama mtu anayezunguka mji uleule na kila mara akajikuta mlango uleule. Mshairi anausemeza moyo wake. Anaupeleka chumba kwa chumba: palipokuwa na taa pana giza, zidaka za vyombo zimekuwa viota vya ndege, barazani pa waungwana wadudu ndio wenye mazungumzo. Kisha anawaita masharifu na makadhi wa Pate, na hakuna anayeitika.

Shuleni utungo huu hufundishwa kama mawaidha juu ya dunia hadaa, na hakuna kosa katika hilo. Mtunzi alikusudia mawaidha. Ila umbali umeifanya dunia hiyo ionekane kama dunia tu, isiyo na anwani. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam huweza kuumaliza bila kujua kwamba nyumba ile ilikuwa na mtaa. Anayesimama Pate na kuusoma kwa sauti, katikati ya majani ya tumbaku, hugundua kwamba Sayyid Abdalla alikuwa mwangalifu kuliko wanavyomdhania: mpangilio wa vyumba ni sawa, vitu vimo mahali pake, na mchimbaji na jembe lake amekuja baadaye kuthibitisha aliyokwisha kuandika mshairi.

Jambo moja utungo haulisemi. Haueleza nani aliiangusha Pate, na pengine haikufaa kwa mawaidha kueleza. Pate haikuanguka kwa sababu dunia hupita. Iliangushwa na ugomvi wa urithi baina ya Nabahani wenyewe kwa wenyewe, na Shela, na Lamu iliyomwita Seyyid Said imlinde, na Zanzibar iliyokuja kulinda ikakaa. Nabahani wa mwisho walihamia Witu, bara, na huko nako Waingereza wakaichoma Witu mwaka 1890. Mwongozaji anayemsomea mgeni maneno ya huzuni juu ya kupita kwa ulimwengu, kisha akaishia hapo, humficha sababu zilizokuwa na majina ya watu na tarehe. Mshairi alikuwa na udhuru: aliwajua wahusika, na wengine walikuwa jamaa zake. Wa leo hana.

Baadhi ya wahifadhi huitazama tumbaku ya Pate kwa jicho kali, kuwa mizizi na jembe huvuruga tabaka za udongo. Ni kweli huvuruga. Tena Pate ina tabaka za kuhifadhiwa: Neville Chittick aliwahi kudai katika miaka ya 1960 kuwa mji huu haukuwa na uzito kabla ya karne ya 16 hivi, na uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa mwaka 1997, ukakuta chini yake maisha ya kale zaidi sana. Jembe likipita pale, ushahidi wa namna hiyo huenda nalo. Lakini mkulima huyo si mvamizi wa magofu. Anajua ukuta upi ulikuwa wa nani, na shamba amelirithi pamoja na ukuta. Kumwondoa ili magofu yaonekane safi kungeifanya Pate ifanane na picha za matangazo, mji usio na mtu, na hapo ndipo ungepotea kweli. Afadhali afundishwe na alipwe kuwa mlinzi, jambo lililo rahisi kulisema kuliko kulitenda katika visiwa ambako wageni walipungua sana baada ya utekaji wa mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014, na mapato ya magofu yakapungua nao.

Jioni maji huanza tena kujaa na nahodha huwaita watu wake. Chombo huvuka ghuba ya Manda, visiwa vikiwa nyuma, jua likiwa upande wa bara. Upande huo huonekana winchi za Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na mkondo wake umechimbwa kina ili meli kubwa ziingie bila ya kungoja maji. Mashua hungoja kidogo mbele ya Mkanda, hata kina kitoshe, ndipo ikapita.