Kadi ya uraia: kwa nini tungali tunatembea na kadi ya kura

Ukifika kwenye bariere, ukienda banki kuchukua mshahara, ukitaka kuandikisha namba ya simu, wanakuomba ile ile: kadi ya mpiga kura. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inatoka kwa tume ya uchaguzi, CENI, na tangu uandikishaji wa 2005 inashika nafasi ya kitambulisho kwa muda tu. Huo muda sasa umepita miaka 20.

Kadi za Zaire zilikufa pamoja na utawala wa Mobutu mwaka 1997. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa nchi ni ya 1984. Serikali iliunda ofisi ya kutambulisha watu, ONIP, mwaka 2011, na tarehe 30 mwezi wa sita 2023 raisi Félix Tshisekedi akapokea kadi ya kwanza. Mwaka uliofuata, mkataba wa kuzitengeneza, wa zaidi ya dola miliyari moja, ulivunjwa juu ya mabishano ya bei. Sisi tukabaki pale pale.

Kadi ya kura inamuacha nje mwenye hajafikisha umri wa kupiga kura. Kijana wa miaka 15 aliyepoteana na wazazi wakati wa kukimbia hana cha kuonyesha. Zile za 2023, maandishi yalianza kufutika upesi, sura ikabaki kivuli. Na mu Masisi na Rutshuru, ambako vita ilizuia uchaguzi wa mwaka ule, wengi hawakuandikishwa. Walikosa kura, wakakosa na kitambulisho. Mambo hayo mawili hayangefungwa pamoja.

Watu wakisikia kadi salama wanawaza chipu na alama za vidole. Ni vizuri, mtu mmoja asipate kadi mbili. Lakini nguvu ya kadi iko kwenye daftari nyuma yake. Kama jina liliingizwa la uongo, chipu italinda ule uongo. Na daftari inaanza kwenye ofisi ya etasivili, kule kunakoandikwa kuzaliwa. Huku mashariki kuko vitabu vilivyochomwa na vita, vingine vilipotea.

Hapo ndipo swali gumu la kwetu linaingia: nani atashuhudia kama wewe ni Mkongomani? Kuko sheria ya uraia ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004, lakini mbele ya karani mara nyingi ni neno la shefu wa kijiji. Mhamaji wa ndani, shefu wake naye alikimbia. Bila njia wazi ya kukata rufaa, karani mmoja anaweza kumfanya mtu mgeni kwao.

Tena, nani atachunga hizo habari? Sheria ya mambo ya numeriki ya mwezi wa tatu 2023 inazilinda kwenye karatasi. Kwa mtu ambaye muji wake umebadilisha wakubwa, orodha yenye jina na kijiji cha asili inaweza kuua.

Kwa sasa, mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, inaomba hukumu ya tribinali, na hiyo inakula makuta. Na kadi yako ya kura, ipige fotokopi leo, sura yako ingali inaonekana.