Standing Rock: Mto Uliochukuliwa Mara Mbili

Dunia iliisikia Standing Rock, ardhi ya kabila la Wenyeji wa Marekani, mwaka 2016, pale vijana walipopinga bomba la mafuta kwenye nyanda za North Dakota, Marekani. Lakini wazee wa hapo, Wadakota na Walakota, walikuwa wameshauona mto wao ukichukuliwa mara moja.

Mwaka 1944 Bunge la Marekani liliidhinisha mabwawa makubwa katika mto Missouri. Ujenzi wa bwawa la Oahe ulianza 1948, na maji yalipopanda yalimeza zaidi ya hekta 22,000 za Standing Rock. Yalimeza bonde lenyewe: kuni, matunda ya porini, mitishamba, na miti iliyowakinga mifugo na upepo wa majira ya baridi. Januari 1960, baridi ikiwa kali, familia zilihamishiwa nyanda za juu zisizo na kivuli wala kizuizi. Na pale mto Cannonball unapoingia Missouri, ambako maji yalizunguka na kuyaviringa mawe yaliyoheshimiwa na wenyeji, wahandisi wa jeshi walichimbua mkondo. Mzunguko ule ukatoweka, na mawe hayakuumbika tena.

Karibu na makutano hayo, Aprili 2016, LaDonna Brave Bull Allard, mwanahistoria wa kabila, alifungua kambi ya kwanza kwenye ardhi yake. Bomba lenye urefu wa takriban kilomita 1,900 lilipangwa kupita chini ya ziwa lile lile lililotokana na bwawa la Oahe. Njia nyingine, kaskazini mwa mji wa Bismarck, ilikuwa imefikiriwa ikaachwa, na mojawapo ya sababu ni visima vya maji ya mji huo. Hapo ndipo dhuluma inapoonekana wazi: hatari iliyoogopwa kwa Bismarck ilikubalika kwa Standing Rock.

Vijana walikimbia zaidi ya kilomita 3,000 hadi Washington kupeleka ombi lao. Maelfu wakaja kambini. Usiku wa Novemba 20 polisi waliwarushia maji katika baridi ya kugandisha. Desemba 4 jeshi lilikataa kutoa kibali cha bomba kupita chini ya ziwa. Miezi miwili baadaye, chini ya Rais Trump, kikatolewa. Mafuta yalianza kusafirishwa Juni 2017.

Kabila likaendelea na kesi. Mwaka 2020 jaji aliamua kwamba athari za kimazingira hazikuchunguzwa ipasavyo, akabatilisha kibali. Januari 2021 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi huo, lakini haikuamuru bomba lifungwe.